Mgodi wa mlango mmoja? Mimi siingii!

Mtajie kijana wa mjini makaa ya mawe uone, wengi watafikiria gunia la mkaa! Hapa nazungumzia makaa yanayochimbwa chini kwa chini, kama kwenye mgodi wa Kiwira, kule Ileje, uliojengwa kwa msaada wa Wachina na kuanza kazi mwaka 1988. Wengi hudhani kasheshe yote iko kwenye kuchimba. Thubutu! Mimi nakwambia mambo yanaanzia mlangoni.

Mlango wa mgodi hautobolewi popote tu. Mwamba wa juu, uliopigwa jua na mvua miaka nenda miaka rudi, huwa umelegea. Kwa hiyo mafundi hukata mlima kwanza mpaka wapate ukuta imara. Juu yake wanachimba mitaro, mvua isije ikamwagikia ndani. Halafu wanaushindilia ukuta nondo ndefu, wanaupulizia zege na kusimamisha matao ya chuma yanayoanzia nje kabisa, ili jiwe likiporomoka lisimkute mtu kichwani.

Baada ya hapo ni kutoboa, kulipua, kuzoa kifusi, kuimarisha dari, ndipo wanasogea tena hatua chache. Anayeruka hilo la dari ili awahi, shauri yake.

Sasa njoo kwenye mipango. Katika migodi mingi makaa hayachimbwi yote, mengine huachwa yasimame kama nguzo za kushikilia dari. Lakini kimbembe kikubwa ni hewa. Makaa hutoa gesi ya methani. Gesi hiyo ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja tu, kwisha habari! Ndiyo maana hewa safi huingia kwa njia moja na chafu hutoka kwa nyingine. Yaani hata hewa inadai milango miwili, sembuse mtu?

Waingereza walijifunza hilo kwa machozi. Mgodi wa Hartley ulikuwa na shimo moja tu, lililogawanywa kwa ukuta wa mbao ili hewa iingie huku na kutoka kule. Januari 16, 1862, boriti ya chuma ya mtambo wa kuvuta maji, yenye uzito wa tani zaidi ya 40, ilikatika. Nusu yake ikaporomoka shimoni na kuziba njia. Waliokufa ni 204, watu wazima na watoto, wengi wao wakiuawa na gesi huku wakisubiri kuokolewa. Mwaka huohuo sheria ikapitishwa: kila mgodi wa makaa uwe na njia mbili za kutokea.

Utasema hayo ni ya zamani. Haya, Novemba 19, 2010, mgodi wa Pike River huko New Zealand ulilipuka. Handaki la kuingilia lilikuwa na urefu wa kilometa 2.3. Njia ya pili? Shimo la hewa lenye ngazi, refu kuliko mita 100, la kupanda wima! Feni kubwa nayo iliwekwa ndani badala ya juu ya ardhi. Wawili walitoka kwa handaki. Wenzao 29 hawakurudi. Tume iliyochunguza ilisema ile ngazi haikufaa kuwa njia ya kujiokolea.

Mimi naona tatizo ni hili: mlango wa pili unakula fedha na hautoi hata gunia moja la makaa. Kwa hiyo wakubwa wakibanwa na bajeti, ndio wa kwanza kuambiwa usubiri. Makaa yanaanza kutoka, mlango bado uko kwenye makaratasi.

Basi wewe kijana unayesaka ajira ya mgodini, kabla hujauliza mshahara, uliza: mlango wa pili uko wapi, na naweza kuufikia kwa miguu yangu gizani? Wakianza kung'ata maneno, kaka, dada, geuza!