MRUTUTU ULIOPAUKA: JIHADHARI UNAPOPIMA

Ewe mkulima wa Busia, nawe wa Malaba, je, umepata kufungua mrututu wako wa kupulizia nyanya ukaukuta umepauka kama unga wa muhogo? Usiupime kama kawaida. Soma kwanza habari hii.

Mrututu mzuri ni vipande vya buluu vinavyong'aa. Ukivishika ni vikavu, lakini ndani yake mna maji yaliyofungamana na chumvi ya shaba. Katika kila gramu 100, gramu 36 ni maji, na bila maji hayo hakuna rangi ya buluu. Mrututu ukipata moto, maji huanza kutoka kwenye digrii 60 na kitu, huisha kwenye digrii 200 hivi, ukabaki unga mweupe. Hata ukiwekwa siku nyingi karibu na jiko huanza kupauka kwa nje.

Hasara iko wapi? Kilichotoka ni maji tu. Shaba yote imebaki. Gramu 64 za unga mweupe zina nguvu sawa na gramu 100 za buluu. Ukipima gramu 100 za unga, ni kama umetia gramu 156. Chokaa huenda isitoshe, na majani ya nyanya yanaweza kuungua.

Dawa ya Bordeaux, ambayo Bwana Millardet wa Ufaransa aliitangaza mwaka 1885, huchanganywa hivi: mrututu wa buluu gramu 100, chokaa isiyozimwa gramu 100, maji lita 10. Zima chokaa kwanza, kisha mimina maji ya mrututu ndani ya maji ya chokaa. Tumia ndoo ya plastiki, si debe, kwa maana mrututu hula chuma. Chovya kisu safi: kikishika rangi ya shaba, ongeza chokaa.

Una shaka na unga mweupe? Weka kidogo kwenye kigae, utone tone la maji. Ukigeuka buluu, ni mrututu. Ukibaki mweupe, si mrututu, usiupulizie. Uliopauka nusu hauwezi kupimwa kwa macho. Mwulize Bwana Shamba.

Weka mrututu katika chupa iliyofungwa vizuri, mbali na moto na mbali na watoto, maana ni sumu. Wala usimwage mabaki katika Mto Sio: shaba huua samaki.

Mkulima mwangalifu hupima mara mbili, akapuliza mara moja.