Maziwa ya Kopo kwa Mtoto Mchanga

Twaandika habari hizi kwa masheha, walimu na kila ajuaye kusoma, mjini na mashamba, ili nao wawasomee wenziwao. Jambo lenyewe laonekana dogo, yaani kutengeneza maziwa ya unga ya mtoto. Lakini mtoto wa miezi miwili hana nguvu za kustahimili kosa, na kosa dogo jikoni laweza kumpeleka kaburini.

Kwanza yafaa ijulikane kuwa hakuna maziwa yampasayo mtoto kuliko ya mama yake. Shirika la Afya la Dunia lashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, kwa miezi 6 ya kwanza. Kisha aanze chakula, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Shauri hili si geni kwa watu wa Unguja, maana Qurani nayo yataja kunyonyesha miaka miwili kamili. Lakini wako watoto waliofiwa na mama zao, na wako ambao tabibu ameamuru wasinyonyeshwe. Hao hawana budi kupewa maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga.

Hatari ya maziwa haya hutoka pande mbili. Ya kwanza ni maji. Unguja yaijua hatari hiyo tangu zamani. Dr. James Christie, aliyekuwa tabibu hapa, aliandika habari za kipindupindu kilichoua watu wengi mwaka 1869 na 1870. Baadaye Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji ya mabomba kutoka chemchemi ya nje. Hata hivyo maradhi hayo yalirudi, na mwaka 2015 yakaenea tena kisiwani. Kwa hiyo maji, yawe ya kisima au ya bomba, hayana budi kuchemshwa.

Hatari ya pili hawaijui wengi, nayo imo ndani ya kopo. Unga wa maziwa, hata ukiwa umefungwa vizuri kiwandani, haukosi kuweza kuwa na vijidudu vya maradhi. Katika unga mkavu hulala tu. Wakipata maji ya uvuguvugu huamka na kuzaana upesi, khasa katika joto la nchi yetu. Basi mtu achemshaye maji usiku, akayaacha yapoe, kisha akachanganya unga asubuhi, amesafisha maji lakini hakuusafisha unga. Vijidudu vya unga huuawa na maji yenye moto usiopungua digrii 70.

Njia iliyo salama ni hii. Nawa mikono kwa sabuni. Osha kikombe, kijiko na chupa kwa maji ya moto na sabuni, kisha vichemshe katika sufuria iliyofunikwa. Chemsha maji mpaka yatokote sawasawa. Ukisha kuyaepua, yatumie kabla nusu saa haijapita, ili yasipoe mno. Tia maji kwanza kwa kipimo, kisha unga kwa kijiko kilichomo ndani ya kopo, kilichosawazishwa juu kwa kisu safi. Koroga, kisha poza kwa kusimamisha chombo ndani ya bakuli la maji baridi, maji hayo yasifike mdomoni. Dondosha tone kwenye kifundo cha mkono wako. Likiwa la uvuguvugu tu, mpe mtoto. Yasiyonywewa katika saa 2 yamwagwe, wala yasiwekwe kwa ajili ya usiku. Na kikombe kidogo ni bora kuliko chupa, kwa kuwa chuchu ya mpira ina pembe ambazo ni taabu kuzisafisha.

Kipimo nacho ni amana. Kopo ni ghali, na mama maskini hutamani lidumu. Tuseme kopo limeandikwa kijiko kimoja kwa mililita 30 za maji: mililita 120 zataka vijiko 4. Atiaye 2 amempa mtoto nusu ya chakula. Tumbo limejaa, lakini mwili una njaa, na mtoto hukonda huku akinywa kila siku. Kuzidisha unga nako kwadhuru, maana figo za mtoto hulemewa. Makopo hayalingani, basi fuateni maandishi ya kopo lenyewe, na asiyejua kusoma asomewe.

Sasa twasema juu ya mashauri. Mtoto akizaliwa kila jirani huwa tabibu. Mmoja husema dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ni machafu yakamuliwe yamwagwe. Na kumbe ndiyo yanayomkinga mtoto na maradhi. Mwingine huleta asali, ambayo haifai kabisa kabla ya mwaka mmoja, kwa kuwa yaweza kuwa na vijidudu vitoavyo sumu ya kulegeza mwili wa mtoto. Mwingine hushauri maji ya mchele, au maziwa mazito ya sukari. Juu ya hayo ya mwisho, mwaka 1939 daktari Cicely Williams alihutubia watu wa Singapore, akasema wazi kuwa watoto wafa kwa kulishwa maziwa matamu ya kopo badala ya kunyonyeshwa, akawalaumu waliowashawishi mama zao. Na mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia ulipitisha kanuni za kuzuia maziwa ya badala yasitangazwe kwa umma wala kugawiwa mama bure kama vielelezo.

Kwa hiyo, shauri likija, ulizeni: aliyelitoa anauza kitu? Mkunga au tabibu wa kituo cha afya asemaje? Kama hamjapata jibu, msijaribu kwa mtoto. Mama mwenye maradhi yoyote naye asiache kunyonyesha kwa maneno ya watu, bali aende kwanza akaulize kituoni.

Mtoto akihara mfululizo, akakataa kunyonya, utosi ukadidimia au mkojo ukapungua, msingojee kesho; mpelekeni hospitali siku ile ile. Masheha na walimu, mwisomeni habari hii mbele ya watu, maana aliyesikia mapema huokoa mtoto wa mwenziwe.