Samaki wa Nyumbani: Chagueni Maji Kwanza

Watoto hupenda sana kutazama samaki nyuma ya kioo, na chombo cha lita 60 chaweza kuwekwa hata katika nyumba ndogo. Lakini mara nyingi furaha hiyo haidumu. Siku ya kwanza hutiwa samaki kumi wa kila rangi. Baada ya juma moja wanne waelea matumbo juu, na watoto walia. Watu husema: «Samaki hao walikuwa wagonjwa.» Pengine hawakuwa na ugonjwa wo wote, ila walitiwa katika maji yasiyowafaa.

Katika Congo twayaona maji ya tabia mbili. Vijito vya msituni viendavyo katika mto Congo vina maji laini yenye uchachu kidogo. Majani yanayooza huyapa rangi ya chai. Lakini maji ya ziwa Tanganyika ni magumu, maana yana madini mengi, wala hayana uchachu. Wataalamu hupima uchachu kwa hesabu ya 0 mpaka 14, na 7 ni katikati. Maji ya ziwa hilo hukaribia 9. Samaki wa maji ya tabia moja huteseka katika ya pili. Basi, kuwachanganya ni kuwaonea.

Tena, tutazame ukubwa. Samaki wa mto Congo aitwaye Phenacogrammus interruptus hung'aa kama upinde wa mvua. Lakini dume lake hufika sentimita 8, naye hutaka kuogelea pamoja na wenzake sita au zaidi. Chombo cha lita 60 ni gereza kwake.

Afaaye ni mdogo wa ziwa Tanganyika, Neolamprologus multifasciatus. Hapiti sentimita 5, na mwili wake una mistari mingi. Nyumba yake ni kombe tupu la konokono. Huchimba mchanga kwa kinywa chake, akalipanga kombe apendavyo, na humfukuza jirani akaribiaye. Tieni samaki sita tu, mchanga wa sentimita 5, na makombe mengi kuliko samaki, ili wasigombane. Msiwachanganye na samaki wengine.

Katika mimea, chagueni ile inayovumilia maji magumu. Vallisneria ina majani marefu kama utepe. Ipandeni nyuma, kwa sababu samaki hawa hung'oa mizizi iliyo karibu na makombe yao. Ceratophyllum haina mizizi, iacheni ielee. Anubias, mmea wa vijito vya Afrika ya Magharibi na ya Kati, hufungwa juu ya jiwe kwa uzi; shina lake lisifukiwe, maana litaoza. Lakini gugu-maji lenye maua ya zambarau msilitafute kamwe. Tangu miaka ya 1950 limeusumbua mto Congo na kuziba njia za mitumbwi.

Sasa lililo kubwa: saburi. Mavi ya samaki na mabaki ya chakula hutoa sumu iitwayo amonia, nayo huua upesi zaidi katika maji yasiyo na uchachu. Vijidudu vyema, visivyoonekana kwa macho, huigeuza sumu hiyo; lakini huhitaji majuma manne mpaka sita kuongezeka. Kwa hiyo wekeni kwanza maji, mchanga, mimea, na chujio lenye pampu ya hewa. Kila siku tieni chembe chache za chakula, ingawa samaki hawajaja. Pimeni maji kwa dawa na karatasi za kupimia; sumu ikitoweka, leteni samaki. Maji yakiwa laini, mawe ya chokaa huyaongezea ugumu polepole.

Halafu, kila juma badilisheni robo ya maji. Joto liwe digrii 24 mpaka 27. Chombo kisipigwe na jua, kisije kikajaa ukungu wa kijani. Chakula kiwe kidogo, kiishe kwa dakika mbili.

Watoto wawe na zamu ya kulisha na ya kupima. Watajifunza kwamba kiumbe aliyefungwa hawezi kujitafutia maji mengine: uhai wake u mikononi mwa yule aliyemfunga.