SOMME inapojibu sifuri

Mhasibu wa duka la vipuri pale mtaani Buyenzi, Burundi, alinigeuzia kompyuta yake bila kusema neno. Kwenye Excel ya Kifaransa alikuwa ameandika amri ya kujumlisha, =SOMME(C2:C212), na jibu likaja 0. Mauzo ya mwezi mzima yalikuwa hapo juu, bei za breki na mikanda ya injini zimejipanga mstari kwa mstari, kila mtu anaziona. "Ndugu yangu," akasema, "hizi faranga zetu zimekwenda wapi?" Programu iliyotoa faili hiyo ilikuwa yangu, na kosa pia lilikuwa langu.

Ilikuwa programu ya kwenye kivinjari, imeandikwa kwa JavaScript. Pale kwenye ukurasa nilitaka 1250000 isomeke 1 250 000, kwa desturi ya Kifaransa tuliyoizoea Burundi. Kazi hiyo naiachia Intl.NumberFormat, zana iliyomo ndani ya JavaScript yenyewe. Sasa, kwa Kifaransa, zana hii haitii nafasi ya kawaida ya kibodi. Hutia nafasi nyembamba isiyokatika, herufi inayojulikana kwa namba U+202F. Macho hayaoni tofauti. Kitufe changu cha kupakua kikachukua kile kilichopambwa kwa ajili ya skrini, kikakiandika kwenye faili kama maandishi, na SOMME huyaruka maandishi kimyakimya. Dalili ilikuwepo tangu mwanzo: Excel huegemeza namba upande wa kulia na maandishi kushoto. Bei zote za mhasibu zilikuwa zimeegemea kushoto.

Kwa hiyo data iende ikiwa ghafi, mapambo yaagizwe kando. Faili ya .xlsx imeundwa hivyo hasa. Chukua nakala ya faili moja, badilisha .xlsx kuwa .zip, ifungue: utakuta folda zenye mafaili ya XML. Thamani ya seli imo kwenye faili ya karatasi, na namna ya kuionyesha imo kwenye styles.xml. Ukiandika 1250000 kama namba na kuitajia mtindo wake, mhasibu ataona nafasi zake na SOMME itapata cha kujumlisha.

CSV haina anasa hiyo. Ni maandishi matupu yenye vitenganishi, na Excel hubahatisha mengine. Kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa hutumia mkato kwa desimali, kwa hiyo kati ya safu na safu hungoja nukta mkato. Ipe CSV ya mikato, kila kitu kinarundikana kwenye safu A. Jina Désiré linageuka DÃ©sirÃ©, mpaka uweke baiti 3 za BOM, alama ya kuitambulisha UTF-8, mwanzoni mwa faili. Namba ya simu inayoanza na +257 inapoteza alama yake ya kujumlisha, na safu ikiwa nyembamba inajitokeza kama 2,58E+10. Rafu 3/12 ya stoo inakuwa tarehe 3 Desemba. Wanasayansi wenyewe walisalimu amri: mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ilibadilisha MARCH1 kuwa MARCHF1 ili Excel iache kuiona Machi. Mwaka huohuo Uingereza ilipotewa kwa muda na taarifa 15,841 za wagonjwa wa Covid, kwa kuwa faili ya zamani ya .xls haibebi zaidi ya mistari 65,536.

Kuna pia suala la uzito. Maktaba za kuandika .xlsx, kama SheetJS na ExcelJS, ni mamia ya kilobaiti. Ukizifungasha pamoja na msimbo wote kwa webpack au Vite, muuzaji anayetumia data ya simu anapakua mzigo ambao mhasibu anauhitaji mara moja kwa mwezi. Ita maktaba kwa import() ndani ya kitufe chenyewe, nayo itakatwa iwe kipande cha peke yake. (SheetJS usiichukue npm: kule imebaki toleo 0.18.5, na marekebisho ya usalama yako kwenye matoleo wanayoyatoa kwenye tovuti yao.)

Ufungashaji una kituko kingine. Karatasi niliipa jina kwa kusoma jina la klasi, Mauzo.name. Kwangu ilifunguka ikiitwa "Mauzo". Dukani, baada ya msimbo kubanwa na majina kufupishwa, ikaitwa "t". Siku hizi jina naliandika wazi, kati ya alama za nukuu.

Nilirudi na faili mpya. Bei zimeegemea kulia, SOMME imejaza seli yake. Mhasibu akavuta kikokotoo kutoka kwenye droo akaanza kujumlisha mistari yote 211. Nikavuta kiti.