Udongo Mweusi wa Amazon: Rutuba Iliyotokana na Taka

Ingawa msitu wa Amazon huko Amerika Kusini ni mnene, sehemu kubwa ya ardhi yake haina rutuba. Mvua nyingi husomba virutubisho, na udongo unaobaki huwa na asidi nyingi. Hata hivyo, kuna maeneo yenye udongo mweusi ambao wakulima wa Brazil huupenda sana. Wao huuita terra preta, yaani udongo mweusi.

Udongo huo ulitokana na watu. Watafiti waliouchimba walikuta vipande vya makaa, majivu, mifupa ya samaki na vigae vya vyungu. Hizo ni taka za vijiji vya wenyeji wa kale, zilizorundikana kwa vizazi vingi kabla ya Wazungu kufika.

Kwa nini rutuba hiyo haijaisha? Mifupa ilileta fosforasi na kalsiamu, nayo majivu yalipunguza asidi. Makaa hukaa ardhini karne nyingi bila kuoza, na vitundu vyake hushika maji na virutubisho.

Mmoja wa waliouchunguza udongo huo ni Wim Sombroek wa Uholanzi, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1966. Baadaye alifanya kazi Kenya, na ni miongoni mwa walioandaa ramani ya udongo ya nchi hii ya mwaka 1982.

Hata hapa nchini kuna mfano unaokaribiana na huo. Katika Kaunti ya Narok, mahali palipokuwa na maboma ya wafugaji zaidi ya miaka 1,500 iliyopita bado pana rutuba na nyasi nzuri kutokana na samadi.

Mkulima anaweza kufanya nini?

- Usichome mabaki ya mavuno. Yatie kwenye shimo la mboji pamoja na samadi na taka za jikoni, bila plastiki.
- Chenga za makaa zinazobaki guniani zipondwe na kuchanganywa na mboji kwa wiki kadhaa kabla ya kutiwa shambani. Zikitiwa peke yake zinaweza kuinyima mimea naitrojeni.
- Usikate miti ili kupata makaa ya shambani.
- Majivu hufaa udongo wenye asidi. Pima udongo kwanza.

Afisa wa kilimo katika wadi yako atakuonyesha jinsi ya kuchukua sampuli ya udongo.