Siku Hospitali Ilipolazimishwa Kutaja Namba Zake

Haya vijana, sogeeni. Hadithi hii inaanzia Vienna, mji mkuu wa Austria, miaka ya 1840. Hospitali kuu ya mji ule ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ya wakunga. Zilipokea kwa zamu: leo wajawazito wote wanaingia huku, kesho kule. Aliyeshikwa na uchungu siku ya wakunga alikuwa na bahati.

Bahati kwa sababu gani? Katika wodi ya madaktari, homa ya uzazi iliua karibu mama mmoja katika kila 10. Kwa wakunga vifo havikufika hata nusu ya hapo. Wanawake wa Vienna hawakuwa wamesoma takwimu yoyote, lakini walijua, kwa maana habari ya kifo haihitaji tarishi. Akiambiwa kwamba leo ni zamu ya wodi ya kwanza, mama alipiga magoti akilia apelekwe ile nyingine. Wako walioona heri wajifungulie barabarani, kisha ndipo waingie hospitali na kichanga mikononi. Tena hao wa barabarani walisalimika zaidi kuliko waliozalishwa na madaktari.

Jambo hilo lilimnyima usingizi daktari kijana wa Kihungari, Ignaz Semmelweis. Mwaka 1847 rafiki yake, Profesa Kolletschka, alichomwa kidole na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti. Akaugua, akafa, na dalili zake zilifanana na za wale akina mama. Hapo Semmelweis akaona kilichokuwa mbele ya macho ya wote: madaktari walitoka chumba cha maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha, na mikono ni ile ile. Wakunga hawakupasua maiti. Kuanzia Mei akaamuru kila mtu anawe kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Aprili walikuwa wamekufa mama 18 katika kila 100. Juni walikufa wawili.

Mngedhani alibebwa mabegani. Wapi! Wakubwa wengi walichukia kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo iliyoua, na mkataba wake ulipokwisha hawakumwongezea muda.

Sasa tuvuke bahari hadi Marekani, na turuke miaka 150. Vijidudu vinajulikana, glavu zipo, sabuni ipo. Hata hivyo, wataalamu wa serikali ya nchi hiyo walikadiria kwamba mwaka 2002 watu milioni 1.7 walipata hospitalini maambukizi ambayo hawakuingia nayo, na 99,000 kati yao walikufa. Vijidudu vilipita kwenye mpira wa mkojo, kwenye mrija uliopenyezwa katika mshipa mkubwa wa damu, kwenye mashine ya kupumulia, kwenye kidonda cha upasuaji, na bado kwenye mikono.

Je, hesabu zilikuwapo? Zilikuwapo. Tangu mwaka 1970 hospitali zilizojitolea zilipeleka namba zao kwa serikali kuu, kwa ahadi kwamba majina yao hayatatajwa. Kwa hiyo mgonjwa wa Marekani wa mwaka 2000, mwenye simu na kompyuta, alijua machache kuhusu hospitali yake kuliko yule mama wa Vienna aliyesikiliza minong'ono ya mtaani. Mimi naiita hiyo aibu.

Wagonjwa na familia zilizofiwa wakaanza kuwabana wabunge wa majimbo yao. Illinois ilipitisha sheria ya kuzitaka hospitali zitangaze namba hizo mwaka 2003, na seneta wa jimbo aliyeisimamia katika Seneti mtamtambua: Barack Obama, mtoto wa baba Mkenya, siku ambazo hata Marekani kwenyewe wengi hawakulijua jina lake. Majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine.

Lakini nataka tukae Pennsylvania, maana huko ndiko kwenye utamu. Julai 2005 baraza la jimbo hilo linalosimamia takwimu za matibabu lilitangaza kwamba hospitali ziliripoti maambukizi 11,668 kwa mwaka 2004. Majina ya hospitali hayakutajwa. Novemba 2006 wakafanya lililokuwa halijawahi kufanywa na jimbo lolote: wakachapisha hesabu za mwaka 2005 za hospitali 168, kila moja kwa jina lake. Jumla ilikuwa 19,154.

Hapo ngojeni kidogo. Kutoka 11,668 hadi 19,154! Mtu wa haraka atasema sheria imeharibu, ugonjwa umepanda. La. Mwaka wa kwanza hospitali nyingi ziliripoti kidogo mno, mwaka wa pili zikaanza kuhesabu kwa ukamilifu zaidi. Hospitali inayoleta sifuri inaweza kuwa safi sana, au inaweza kuwa haijatafuta. Takwimu hizo zilifichua na jambo jingine: katika waliopata maambukizi walikufa karibu 13 kwa kila 100, na katika wasioyapata wakafa wawili hivi. Wengi walioambukizwa walikuwa mahututi tangu awali, hilo ni kweli, lakini pengo hilo halipuuziki.

Hospitali zililalamika, na si kila lalamiko lilikuwa kisingizio. Timu inayokutana na Simba na Yanga kila wiki hamwezi kuipima kwa mabao iliyofungwa, kisha mkailinganisha na inayocheza na watoto wa mtaani. Hospitali kubwa hupokea walioungua, wenye saratani, watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Ndiyo maana siku hizi wataalamu hukadiria kwanza idadi inayotarajiwa kwa wagonjwa wa aina hiyo, kisha hugawa idadi halisi kwa hiyo iliyotarajiwa. Ikizidi 1, hospitali ina maswali ya kujibu. Jimbo la New York nalo liliona kwamba anayejihesabu mwenyewe hushawishika kupunguza, likatuma wakaguzi kupekua mafaili ya wagonjwa. Mwaka wao wa kwanza, 2007, ulikuwa wa majaribio bila majina. Uliofuata ulikuwa na majina.

Je, kutangaza peke yake kunaponya? Hapana, na msidanganywe. Huko Michigan, Daktari Peter Pronovost na wenzake waliwapa wahudumu wa vyumba vya wagonjwa mahututi orodha fupi: nawa mikono, safisha ngozi kwa dawa, mfunike mgonjwa kwa shuka safi, usiingize mrija kinenani ikiwezekana, uondoe mara usipohitajika. Maambukizi ya damu yalipungua kwa hadi asilimia 66, bila sheria iliyowalazimisha kujitangaza. Uingereza, ambako kutoa hesabu za kijidudu sugu cha MRSA katika damu kulifanywa lazima mwaka 2001, namba zilishuka kwa kishindo pale tu serikali ilipowawekea wakuu wa hospitali lengo la kupunguza nusu na kuwafuatilia. Tangazo huamsha. Kazi yenyewe hufanywa na mikono iliyonawa.

Pennsylvania haikuishia kwenye kuchapisha. Sheria yake ya mwaka 2007 inazitaka hospitali zote ziwe na mpango wa maandishi wa kuzuia maambukizi, na inayahesabu maambukizi hayo kuwa tukio zito. Maana yake ni kwamba aliyeambukizwa hospitalini ana haki ya kuarifiwa kwa maandishi ndani ya siku 7.