Mbege: Bia ya Siku Moja Chini ya Kilimanjaro

Swali la kwanza la mnywaji mzoefu anapoingia kilabu cha mbege si la bei. Huuliza imechanganywa lini. Akiambiwa jana jioni, huvuta benchi akaketi. Akiambiwa juzi, husita kidogo, maana anajua kinachomsubiri: utamu umekwisha, uchachu umetawala na ukali umepanda. Wapo wanaoipenda hivyo hivyo. Lakini mbege inayosifiwa zaidi ni ile iliyolala usiku mmoja tu.

Kwa aliyezoea bia ya chupa, hili ni jambo geni. Bia ya kiwanda kikubwa hujivunia kutobadilika. Ladha ya Januari ndiyo ya Desemba, na ya Moshi ndiyo ya Mtwara. Mbege hubadilika kila baada ya saa chache, na humo ndimo ulimo uhondo wake.

Miaka ya karibuni miji ya Afrika Mashariki imeanza kuonja bia za viwanda vidogo. Kenya wapo watengenezaji kama 254 Brewing Company na Bateleur, na wateja wao hawanywi tu wakaondoka. Huinua glasi kuitazama rangi, hunusa, huuliza kimea kilikaangwa kiasi gani na hopsi ilitoka wapi. Ni tabia nzuri. Mtu anayeuliza maswali hayo anamheshimu aliyepika, na anajiheshimu mwenyewe kwa kujua anachomeza. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akipanda daladala kwenda Marangu kwa mapumziko, akapita mbele ya kilabu chenye bia iliyopikwa kwa mkono, kwa kiasi kidogo, na mama anayejulikana kijiji kizima, kwa ndizi zilizokatwa nyuma ya nyumba, hataona sababu ya kusimama.

Sababu moja ni historia. Enzi ya ukoloni sheria ziligawa vileo mafungu mawili: vya Wazungu upande mmoja, na upande mwingine "pombe za wenyeji", zilizofuatwafuatwa na leseni, saa za kuuza na askari. Kwa muda mrefu Mwafrika hakuruhusiwa hata kununua bia ya chupa, na siku mlango ulipofunguliwa, chupa ikawa alama ya maendeleo. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake Potent Brews cha mwaka 2002, amefuatilia jinsi kileo kilivyofungamana na madaraka katika Afrika Mashariki, tangu enzi ambazo wazee ndio walioamua nani anywe na lini. Ukoloni ulikwisha, lakini dharau kwa pombe ya kienyeji ilibaki, na imebaki bila sababu ya maana.

Basi na tuiangalie mbege kwa macho yale yale ya mwonjaji wa bia.

Mwanzo wake ni kihamba, shamba la nyumbani la Mchaga, ambamo miti mirefu hukinga migomba, migomba hukinga kahawa, na chini kabisa huota magimbi na mboga. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huo wa kihamba huko Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Ndizi za kihamba zina kazi zake. Mshare hupikwa mtori. Nyingine hukatwa zikiwa zimekomaa, zikavundikwa hadi ziive kabisa, kwa ajili ya pombe.

Ndizi hizo mbivu humenywa, zikatiwa maji na kuchemshwa kwa saa nyingi juu ya moto wa kuni. Hapa hakuna njia ya mkato. Rojo huanza likiwa la manjano, likaenda hudhurungi, mwisho likawa na wekundu wa udongo wa Moshi, na harufu yake husikika hadi nyumba ya tatu. Mpishi anayeharakisha moto wake hujulikana kwenye kinywa cha mnywaji, kwa sababu mbege yake hukosa ile ladha ya sukari iliyoungua kidogo. Rojo likipoa huachwa lichachuke kwa siku kadhaa. Hakuna anayetia hamira ya dukani. Chachu iliyomo hewani na kwenye vyombo vya kazi ndiyo inayofanya kazi yote, ikisaidiwa na bakteria wa asidi ya laktiki, ambao ni jamaa wa wale wanaogandisha mtindi. Rojo hilo lililochachuka ndilo Wachaga huliita nyalu.

Kando yake hutayarishwa ulezi. Nafaka hulowekwa, ikatandazwa mahali penye kivuli hadi ichipue, kisha ikaanikwa na kusagwa. Kuota huko ndiko siri ya bia nyingi za nafaka duniani. Mbegu inapochipua hutoa vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, na sukari ndiyo chakula cha chachu. Mzungu hufanya hivyo kwa shayiri; Mchaga kwa ulezi, nafaka ambayo asili yake ni Afrika na kimea chake kina nguvu hasa ya kugeuza wanga. Unga wa kimea hupikwa uji mwembamba uitwao mso, na humo ndimo huingia msesewe.

Msesewe ni mti, Rauvolfia caffra kwa jina la kitaalamu, na kinachotumika ni gome lake chungu. Kazi yake katika mbege ni ileile ya hopsi katika bia ya Kizungu: kuukata utamu na kuacha uchungu safi nyuma ya ulimi. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria waliagiza bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji peke yake, na Wajerumani wanaitaja amri hiyo kwa fahari hadi leo. Mlima Kilimanjaro haukuhitaji amri. Ndizi, ulezi, msesewe na maji vimetosha, na kipimo cha msesewe ndicho kinachomtenganisha mpishi hodari na mpishi wa kawaida. Ukizidi, mbege huwa dawa. Ukipungua, inabaki uji mtamu.

Siku ya mwisho nyalu huchujwa, maji yake yakachanganywa na mso uliopoa, na machicha yakapelekwa kwa ng'ombe. Asubuhi inayofuata mbege iko tayari, na saa yake imeanza kuhesabika.

Mgeni anayeonja kwa mara ya kwanza mara nyingi hukosea kwa kutazamia bia baridi yenye povu. Mbege haiwekwi barafu. Hunywewa ikiwa na joto la chumba, nzito, ya rangi ya hudhurungi inayoelekea waridi, na juu yake huelea makapi ya ulezi. Makapi hayo si uchafu. Mzoefu huyapuliza pembeni ya kata, au huyachuja kwa meno na kuendelea na mazungumzo. Kwanza huja harufu ya ndizi iliyopikwa. Kisha uchachu, ulio laini asubuhi na mkali zaidi jioni. Halafu uzito wa ulezi, unaofanya ulimi uhisi umekula kitu na si kunywa tu. Msesewe hufika wa mwisho na hukaa muda mrefu. Anayemeza haraka haraka humkosa kabisa huyu wa mwisho, na ndiye bora kuliko wote.

Uchachu huo ndio unaowatisha wengi, wakidhani pombe imeharibika. Lakini karibu na jiji la Brussels, Ubelgiji, wapo watengenezaji wa bia iitwayo lambiki ambao huiacha ipoe wazi ili chachu ya hewani iingie yenyewe, na wapenzi wa bia husafiri kutoka nchi nyingine kwenda kulipia uchachu huo kwa bei kubwa. Tofauti ni kwamba lambiki hukaa kwenye mapipa kwa miaka, nayo mbege huishi siku moja au mbili. Bia inayokwisha kesho inadai ustadi wa namna yake: mpishi lazima akadirie wateja wa leo, ndizi za wiki hii na hali ya hewa ya usiku huu. Baridi ya Juni huichelewesha. Joto la Februari huikimbiza.

Chombo nacho kina maana. Kata ya kibuyu yenye mpini mrefu huzunguka kutoka mkono hadi mkono, na kwa desturi aliyeipika huonja kwanza mbele ya wageni, kuonyesha kwamba ni salama. Mzee, au meku kama anavyoitwa huko, hutangulizwa. Leo vilabu vingi hutumia jagi au kikombe cha plastiki, na hilo linaeleweka kwa upande wa usafi, ingawa plastiki huificha harufu ambayo kibuyu huitoa. Nje ya kilabu mbege bado ina kazi zake nzito. Mahari haijadiliwi kinywa kikavu. Ukoo ukikutana, mbege ipo. Desemba, barabara za kwenda Moshi zinapojaa Wachaga wanaorudi nyumbani kwa sikukuu, mapipa huanza kuchemka mapema.

Mlima Kilimanjaro hauko peke yake. Teso, Uganda, ulezi hutoa ajono, inayotiwa maji ya moto kwenye chungu na kunywewa kwa mirija mirefu na watu walioketi duara. Magharibi mwa Kenya kuna busaa, ambayo unga wake wa mahindi hukaangwa kabla ya kupikwa. Kagera ndizi hukamuliwa pamoja na majani, zikatiwa unga wa mtama uliokaangwa ili kupata lubisi. Iringa na Njombe hupata ulanzi kwa kukata machipukizi ya mianzi. Ulio mbichi ni mtamu kama togwa, uliokaa na kukolea huitwa mkangafu na unahitaji adabu. Kila kimoja kati ya hivi kinastahili makala yake.

Pombe hizi huchachushwa tu, hazikenekwi, na hapo ndipo zinapotengana na gongo, ambayo sheria ya Tanzania inaikataza na ambayo imeua watu. Kuziweka kapu moja ni kuwaonea akina mama wapishi ambao ada za watoto wao zimetoka kwenye sufuria ya mbege. Hata hivyo mbege inalevya. Anayeshuka mlima kwa bodaboda baada ya kata kadhaa yuko hatarini sawa na aliyekunywa bia ya chupa, na kilabu kinachotumia maji yasiyochemshwa hakina cha kujitetea.

Wapo waliojaribu kuvipa vinywaji vya ndizi maisha marefu. Jijini Arusha, Banana Investments hutengeneza mvinyo wa ndizi uitwao Raha, uliochujwa na kutiwa kwenye chupa, na umepata wateja wengi. Ni kinywaji kizuri kwa njia yake, lakini si mbege: hakina makapi, hakina ule uchachu unaokua, wala uchungu wa msesewe. Kinachohitaji kulindwa zaidi kiko shambani. Mti wa msesewe unaobanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa, kwa hiyo wakataji wenye busara hubandua upande mmoja na kuupa muda upone. Migomba ya pombe inahitaji nafasi ambayo vihamba vinavyogawanywa kwa watoto na wajukuu havina tena.

Kwa anayetaka kuonja, Moshi mjini pana vilabu, lakini vijiji vya juu kama Materuni, Kibosho na Marangu vinafaa zaidi, kwani huko kuna waongozaji wanaowapeleka wageni kuona kahawa ikikaangwa na mbege ikichujwa. Afike asubuhi. Amwamkie mama mwenye kilabu, aulize imechanganywa lini, anywe kidogo, kisha arudi kwenye pipa lile lile saa kumi jioni aonje tena.